Ufunguo, Lifti na Ngazi: Mfanyakazi kama Mwokoaji katika Moto wa Kiwanda cha Triangle, New York, 1911

Uokoaji ambao mfanyakazi humfanyia mwenzake kiwanda kinapoungua huelezwa kwa kawaida kuwa ni jambo la moyo: fulani alikuwa jasiri, alijitoa mhanga, hakuijali nafsi yake. Maelezo hayo yana heshima yake, lakini yana upungufu mmoja mkubwa kwa watu ambao kazi yao ni kulinda uhai mahali pa kazi, nao ni kwamba moyo haukaguliwi na mkaguzi wala hauandikwi katika mpango wa dharura wa kiwanda. Mada hii inachukua njia nyingine. Inauchunguza moto uliozuka katika kiwanda cha Triangle, mjini New York, Marekani, tarehe 25 Machi 1911, uliowaua watu 146, na inatoa hoja kwamba waliowaokoa wenzao siku ile walifanikiwa kwa sababu kazi yao ya kila siku ilikuwa imewatia mkononi chombo fulani pamoja na ujuzi wa kukitumia, na kwamba mahali pasipokuwa na mtu wa namna hiyo ujasiri ulikuwepo tele lakini watu waliteketea.

Mwokoaji katika mada hii ni mtu asiye wa kikosi cha zimamoto, ambaye hakuajiriwa ili aokoe wala hakufundishwa kuokoa, bali amejikuta katika kazi yake ya kawaida kuwa ndiye aliye karibu zaidi na mwenzake aliye hatarini. Neno "chombo" nalo limetumiwa kwa mapana yake: laweza kuwa mashine, ufunguo, simu, au hata habari tu ya kwamba ngazi fulani inafika juu ya paa.

Jengo, kazi na mabaki ya vitambaa

Kampuni ya Triangle Waist ilishona blauzi za kike katika ghorofa tatu za juu za jengo la Asch, lililosimama kwenye kona ya mitaa ya Washington Place na Greene, katika eneo la Manhattan. Ghorofa hizo ni ya 8, ya 9 na ya 10 kwa hesabu ya Kimarekani, ambayo huanza kuhesabu chini kabisa. Wamiliki wake, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa na wafanyakazi wapatao 500, wengi wao wakiwa wanawake vijana na wasichana wahamiaji, Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitaliano, na wadogo kabisa miongoni mwao walikuwa na umri wa miaka 14. Jengo lenyewe lilisifiwa kuwa haliungui, na kwa hakika halikuungua: moto ulipozimwa kuta na sakafu zake zilibaki zimesimama, na hadi leo Chuo Kikuu cha New York kinalitumia kwa jina la jengo la Brown. Kilichoungua ni kile kilichokuwa ndani yake, na jambo hili linafaa kukumbukwa kila mara mwenye kiwanda anapoonyesha uimara wa kuta zake kama ushahidi wa usalama.

Katika ghorofa ya 8 wakataji walitandaza tabaka nyingi za kitambaa chepesi cha pamba juu ya meza ndefu, wakizitenganisha kwa karatasi laini, kisha wakapitisha kisu na kukata kwa mara moja vipande vya blauzi nyingi. Mabaki, yaani vile vipande vyembamba visivyofaa kushonwa, yalisukumwa ndani ya masanduku ya mbao yaliyokuwa chini ya meza zile zile, na mfanyabiashara aliyezoea kuyanunua alikuwa ameyachukua mara ya mwisho mwezi Januari. Pamba iliyokatwakatwa na kulundikwa bila kushindiliwa ina hewa katikati ya kila kipande, hivyo haiungui kwa utaratibu kama gogo la kuni, bali moto hulipuka na kupita lundo zima kwa dakika chache. Juu ya vichwa vya wakataji zilining'inia ruwaza za karatasi, yaani vielelezo vya kukatia nguo, na hizo ndizo zilizoupeleka moto kutoka meza hadi meza. Wachunguzi waliona kuwa chanzo chake ni njiti ya kiberiti au kipande cha sigara kilichotupwa ndani ya sanduku la mabaki kikiwa hakijazimika.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, siku ya kulipwa mshahara, na ilikuwa takriban saa kumi na dakika arobaini jioni, karibu na muda wa kufunga kazi. Wafanyakazi wa ghorofa ya 8 walimwaga ndoo za maji, lakini moto uliwashinda. Msimamizi Samuel Bernstein aliagiza mpira wa zimamoto uliokuwa ngazini uvutwe, koki ikafunguliwa, na maji hayakutoka. Miaka miwili kabla ya hapo, mhandisi H. F. J. Porter, mtaalamu wa mazoezi ya kuhamisha watu majengoni, alikuwa amewaandikia wamiliki barua kuhusu kuanzisha mazoezi hayo, asijibiwe.

Ghorofa tatu na njia zake

Anayetaka kuelewa uokoaji wa siku ile hana budi kuziangalia ghorofa tatu mojamoja, kwa kuwa moto ulikuwa mmoja, mwajiri mmoja na saa ile ile, lakini idadi ya waliokufa inatofautiana mno.

Katika ghorofa ya 8, moto ulikoanzia, karibu watu wote walitoka. Mlango wa upande wa Washington Place ulikuwa unafungukia ndani, na wanawake waliokimbilia hapo walibanwa na wenzao waliokuwa wakisukuma kwa nyuma, kiasi kwamba mlango usingeweza kufunguka hata kama hakuna aliyeufunga. Fundi mashine Louis Brown alipenya hadi mbele, akawasukuma nyuma waliokuwa wameegemea ubao, akauvuta mlango kwa nguvu hadi ukapatikana mwanya wa kupita mtu. Kwa mtazamaji jambo hilo laweza kuonekana la ukatili, maana aliwarudisha watu kuelekea moto waliokuwa wakiukimbia, lakini fundi alijua mlango ule unafunguka upande gani, na ujuzi huo mdogo ulikuwa ndio uokoaji wenyewe.

Katika ghorofa ya 10, kulikokuwa na ofisi na wamiliki, habari ya moto ilifika kwa simu kutoka ghorofa ya 8. Watu wapatao 70 waliokuwa hapo, ukiondoa mmoja, waliokoka, wengi wao kwa kupanda paani. Jengo jirani, ambamo mlikuwa na darasa la sheria la Chuo Kikuu cha New York, lilikuwa refu zaidi, hivyo paa lake lilikuwa juu kuliko paa la jengo la Asch. Mwalimu Frank Sommer, ambaye kabla ya kufundisha aliwahi kuwa mkuu wa polisi wa wilaya katika jimbo la New Jersey, aliwaongoza wanafunzi wake hadi juu, wakashusha ngazi zilizoachwa hapo na mafundi rangi, wakawapandisha watu mmoja baada ya mwingine. Wamiliki wenyewe walipita njia hiyo ya paa.

Ghorofa ya 9, yenye watu wapatao 250 na safu ndefu za cherehani, haikupewa habari. Simu kutoka ghorofa ya 8 ilipita kwanza kwenye swichibodi ya ghorofa ya 10, na mhudumu wa swichibodi aliposikia neno "moto" aliiacha nafasi yake, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuunganisha simu ya kuwaonya walio katikati. Washonaji walijua kuna moto walipouona madirishani. Karibu wote waliokufa walikuwa wa ghorofa hiyo. Ngazi ya nje ya chuma, iliyokuwa ya dharura, ilikatika kwa uzito na joto pamoja na watu waliokuwa juu yake. Ngazi za magari ya zimamoto zilifika takriban ghorofa ya 6 tu, na zaidi ya watu 50 waliruka au kuanguka kutoka madirishani mbele ya umati uliokuwa chini.

Waendesha lifti

Joseph Zito na Gaspar Mortillalo, wahamiaji kutoka Italia, waliendesha lifti mbili za abiria za upande wa Washington Place. Katika zama zile lifti haikuwa chombo cha kubonyeza kitufe: mwendeshaji aliiongoza kwa mkono, akapima kwa jicho mahali sakafu ya lifti inapokutana na sakafu ya ghorofa, akafungua na kufunga mlango mwenyewe. Mtu aliyefanya kazi hiyo siku sita kwa juma, kupanda na kushuka tangu asubuhi, aliujua mwendo wa chombo chake hata macho yakiwa yamefumbwa. Siku ya moto ujuzi huo ulihitajika kwa maana yake halisi kabisa, kwa kuwa moshi ulijaa ndani ya tundu la lifti na miali ikaingia kupitia milango ya ghorofa.

Waliposikia kengele zikilia kwa fujo na vioo vikivunjika walipanda badala ya kutoka nje ya jengo. Walipanda tena na tena. Lifti iliyojengwa kubeba watu kumi na kitu ilishuka imejaa maradufu, watu wamelaliana na wengine wameng'ang'ania juu ya wenzao, na kila iliporudi juu waendeshaji walijua kuwa mlango ukifunguka kitakachoingia kwanza ni joto na moshi. Kwa makadirio ya kawaida watu wapatao 150 walitoka kwa lifti hizo mbili, idadi ambayo inalingana na ile ya waliokufa. Hatimaye watu wa ghorofa ya 9, wakisukumwa na moto mgongoni, walianza kuruka ndani ya tundu lenyewe. Baadhi waliukamata waya wa lifti wakateleza hadi chini na kuishi, na wengi walianguka juu ya paa la lifti ya Zito, chuma kikapinda kwa uzito wao. Reli za lifti ya Mortillalo zilikuwa zimepindwa na joto. Vyombo vilikwama, na uokoaji ukaishia hapo.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba waliokoa kwa sababu ya lifti tu, maana lifti za mizigo zilikuwepo pia upande wa Greene na hazikuacha kumbukumbu kama hiyo. Lakini ni kosa lililo sawa na hilo kusema waliokoa kwa moyo tu. Ghorofa ya 9 haikukosa wenye moyo. Ilikosa mtu mwenye kitu mkononi, na waliokuja kuiokoa walitoka nje yake, wakiwa na chombo wanachokijua.

Mlango wa ghorofa ya 9

Mlango wa Washington Place katika ghorofa ya 9 ndio uliobishaniwa mahakamani wamiliki waliposhtakiwa. Mashahidi wengi walisema ulifungwa kwa ufunguo wakati wa kazi, kusudi wafanyakazi wote watoke kwa mlango wa Greene, mmoja mmoja, mikoba yao ikifunguliwa na kukaguliwa wasije wakaiba blauzi. Mfanyakazi Kate Alterman alieleza jinsi alivyosimama na mwenzake Margaret Schwartz karibu na mlango huo, akamwona mwanamume akijaribu kuufungua kwa nguvu zake zote akashindwa, akamwona Margaret nywele na nguo zikishika moto, kisha yeye mwenyewe akaligeuza koti lake ili manyoya yamkinge uso na kukimbia katikati ya miali hadi upande wa Greene. Wakili wa utetezi, Max Steuer, alimtaka ayarudie maelezo hayo zaidi ya mara moja, na maneno yalipofanana akadokeza kwa wazee wa baraza kwamba yalikaririshwa. Upande wa mashtaka ulileta kipande cha ubao ulioungua, kilichookotwa kwenye kifusi, kitasa chake kikiwa bado kimeshikilia na ulimi wa kitasa ukiwa umetoka nje, yaani mlango umefungwa.

Kesi ilimalizika tarehe 27 Desemba 1911 kwa wamiliki kuachiwa huru, kwa kuwa baraza lilielekezwa kwamba ni lazima ithibitike kuwa wao wenyewe walijua mlango umefungwa saa ile. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda saa za kazi, akatozwa faini ya dola 20. Mwaka 1914 madai ya familia yalimalizwa kwa dola 75 kwa kila marehemu.

Kwa mtazamo wa mada hii, ufunguo ule ni chombo cha uokoaji kilichokuwa mikononi mwa mtu asiyefaa kuwa nacho peke yake. Mfukoni mwa nyapara uliitwa ulinzi wa mali. Kama ungekuwa umening'inizwa kwenye msumari kando ya mlango, msichana yeyote wa cherehani aliyekuwa jirani angekuwa na nafasi aliyoipata Zito.

Mwokoaji mbele ya sheria

Swali la nani anamlinda mwokoaji mwenyewe lina historia inayogusana na moto huu kwa namna ya kusikitisha. Tarehe 24 Machi 1911, siku moja kabla ya moto, Mahakama ya Rufani ya New York iliibatilisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya jimbo hilo katika kesi ya Ives dhidi ya kampuni ya reli ya South Buffalo, kwa hoja kwamba kumlazimisha mwajiri alipe bila kuthibitika kosa lake ni kumnyang'anya mali kinyume cha katiba. Katiba ya jimbo ilibidi irekebishwe mwaka 1913 ndipo sheria mpya ya fidia ikapatikana. Tume ya kuchunguza viwanda, iliyoongozwa na Robert Wagner akisaidiwa na Alfred Smith, na ambayo Frances Perkins, aliyeushuhudia moto kwa macho yake, aliitumikia kama mchunguzi, ilizaa sheria zaidi ya 30 kuhusu mazoezi ya dharura, milango isiyofungwa na vinyunyizio vya maji darini.

Mahakama ile ile ya Rufani, mwaka 1921, katika kesi ya Wagner dhidi ya kampuni ya reli ya International, iliamua kupitia Jaji Benjamin Cardozo kwamba anayemweka mtu hatarini kwa uzembe wake anawajibika pia kwa yule anayekwenda kumwokoa, kwa kuwa kilio cha mtu aliye hatarini huita msaada, na anayeitikia wito huo hajajitakia madhara. Uingereza nayo ilifika hapo katika kesi ya Baker ya mwaka 1959, iliyomhusu daktari aliyeshuka kisimani kuwaokoa vibarua wawili waliozimia kwa moshi wa pampu ya petroli, akafa pamoja nao. Hukumu hizi hazizifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini mfumo wa sheria wa Tanzania na Kenya umetokana na sheria ya Kiingereza, hivyo zina uzito wa kushawishi.

Katika fidia ya kazini, kama ile inayotolewa nchini Tanzania kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, swali hugeuka kuwa hili: mfanyakazi aliyeacha kituo chake akaenda idara nyingine kumtoa mwenzake motoni alikuwa kazini au la? Mtazamo wa mada hii ni kwamba alikuwa kazini. Hakuna mwajiri anayeweza kudai kwamba uhai wa wafanyakazi wake haumo katika shughuli za kiwanda, na mwokoaji aliyeumia asilazimike kuthibitisha kwamba alitumwa.

Yanayohusu viwanda vya leo

Lifti za mwaka 1911 hazitoi ruhusa ya kutumia lifti leo. Tundu la lifti huvuta hewa ya moto kwenda juu kama dohani ya jiko, umeme hukatika, na lifti ya kisasa yaweza kumfungulia mtu mlango katika ghorofa inayowaka, ndiyo maana maandishi ya kukataza yamebandikwa kila mahali. Vivyo hivyo, kumrudia mwenzako ndani ya moshi si jambo la kuhimizwa hadharani bila masharti. Moshi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huishiwa nguvu za miguu kabla hajatambua kwamba amelewa. Visimani, kwenye matangi na katika mashimo ya majitaka, mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kumtoa wa kwanza.

Kwa hiyo maandalizi yanayofaa huanza na vyombo na watu wanaovishika. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri aweke njia za kutorokea, na Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, linamlinda mfanyakazi anayeondoka mahali penye hatari ya karibu na kubwa. Mkaguzi akifika huuliza kama mlango wa dharura upo. Aulize pia ufunguo wake uko kwa nani saa nane za usiku, wakati msimamizi wa mchana yuko nyumbani kwake. Amwombe mfanyakazi wa zamu, asiyekuwa amechaguliwa mapema, aufungue mlango huo mbele yake. Na aangalie kama swichibodi, king'ora au simu ya mlinzi inaifikia idara ya katikati bila kumtegemea mtu mmoja ambaye naye atakuwa na haki ya kukimbia. Zoezi la dharura ambalo watu hutembea kwa mstari hadi uwanjani chini ya uongozi wa nyapara yule yule, kwa mlango ule ule wanaoutumia kila siku, halijajaribu chochote. Zoezi lifanywe mlango mkuu ukiwa umefungwa kwa makusudi, msimamizi akiwa hayupo, na fundi, mlinzi, mpishi na mfagizi wakiwa wameonyeshwa kila mmoja koki, kitasa au ngazi iliyo jirani na kazi yake, kisha muda upimwe kwa saa.